Sura ya Nne: Hoho za Mama Melkiadi

Siku ile mjinga alikuwa Remigius. Tuliseme mapema tuondokane nalo, maana hata yeye halifichi. Mpaka leo ukimkuta pale Nangara na kikombe chake cha kahawa atakusimulia bila kuombwa, na akifika penye ujinga wenyewe anapunguza mwendo ili usikose hata kipande. Miaka thelathini na mmoja ya kazi ya polisi kabla ya kustaafu, ishirini kati yake kitengo cha upelelezi, amekamata wezi wa mifugo, wezi wa nyaya na padri mmoja wa bandia, halafu anakuja kupigwa chenga na pilipili hoho.

Kesi aliletewa na Dominiko, balozi wa nyumba kumi, mtu wa maneno machache na kofia kubwa.

"Afande, ukipata nafasi pita kwa Mama Melkiadi. Anasema kuna mtu anamwekea sumu bustanini. Jioni atamfukuza mpangaji wake, na mimi ndiye shahidi wa kupokea funguo. Sipendi kushuhudia nisichokijua."

Saa mbili asubuhi Remigius alikuwa uani kwa Mama Melkiadi, amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, chai ya maziwa mkononi, kiazi kitamu gotini. Hapo ndipo ujinga ulipoanzia. Mpelelezi aliyeketi anaona kinachoonekana kwa aliyeketi.

"Shikamoo mama. Haya, nieleze."

"Marahaba mwanangu. Nieleze nini, si unaona?" Mama Melkiadi, Katarina kwa jina la ubatizo, alikuwa mjane wa miaka sabini aliyeteremka kutoka Kainam, huko juu Mbulu, na bado alitembea kama mtu anayepanda mlima. Alionyesha kwa mwiko. "Hoho kumi na nane. Nimezipanda wiki ya kwanza ya Juni. Leo Agosti inakatika. Kuku wangu akisimama hapo zinafichwa na kuku."

Kweli. Tuta lilianzia hatua mbili kutoka mlango wa jiko, likaelekea ukingoni mwa uwanja kwenye karo la kufulia. Miche ilikaa jozi jozi, imetandaziwa nyasi kavu vizuri kabisa, na ile ya mbele ya Remigius ilikuwa na urefu wa vidole vinne, majani ya njano, imenuna.

"Zimerogwa au zimewekewa sumu," mama aliendelea. "Kama zimerogwa nitamwita katekista. Kama ni sumu nimekuita wewe."

"Kuna kitu chochote kigeni kimeingia kwenye tuta hili?"

"Kigeni? Hapana. Samadi ya mbuzi wangu na maji ya bomba. Kigeni ni kile pale."

Mwiko ulielekea karoni. Huko alikuwa Amna, mpangaji wa chumba cha uani, mwanamke wa Kondoa mwenye mikono ya kunyonga shuka mpaka zilie. Alifua shuka za gesti mbili za mjini. Kamba zake zilikatiza uwanja mzima, na shuka nyeupe zilizoanikwa zilikuwa zimeziba nusu ya mbali ya tuta. Kutoka chini ya shuka hizo, kwenye mfereji mdogo uliopita mwishoni mwa bustani, povu la samawati lilikuwa likitembea polepole kuelekea mtoni.

Remigius aliliona povu. Alimeza kiazi. Alinyanyuka kwa madaha ya mtu aliyekwisha maliza kazi.

"Amna, dada yangu. Hayo maji yana nini?"

"Sabuni, Afande. Na uchafu wa wageni wa watu."

"Jiki je?"

"Kwa shuka zenye madoa. Ningekwambia hapana ungeamini?"

"Na yanapita wapi?"

"Si unayaona? Mferejini."

"Mferejini, pembeni ya hoho."

Amna aliacha shuka ikining'inia nusu ndani ya beseni. "Pembeni, na chini. Mfereji uko chini ya tuta kwa kiganja kizima. Maji yangu yanapanda mlima, Afande?"

Hilo lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa asubuhi ile, na lilimpita Remigius. Aliandika kwenye daftari lake "SABUNI + JIKI", akapiga mstari chini mara mbili, akamgeukia Dominiko aliyekuwa ameegemea mlango wa uani.

"Balozi, kesi imekwisha. Mimea imenyweshwa sabuni."

Mama Melkiadi alipiga makofi mara moja tu, kama mtu anayefunga kitabu. "Nilisema! Saa kumi jioni nataka funguo zangu mkononi."

Amna hakulia wala hakupiga kelele. Alisema tu, akimtazama Dominiko, "Balozi, gesti zilinipa kazi kwa sababu nina karo, nina kamba, nina maji uani. Nikitoka hapa sitoki chumbani tu. Natoka kazini. Binti yangu yuko shuleni hapo nyuma, akirudi atakuta nimekaa barabarani juu ya godoro."

"Sabuni yako ndiyo ya kuiambia hayo," alisema mama.

Amna akaanza kuanua shuka.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Remigius alikuwa ameshafika mlangoni, ameshaaga, mguu mmoja nje mmoja ndani. Akageuka kumuaga mama kwa mara ya pili, kwa adabu tu, na shuka tatu za katikati zikawa zimeshuka. Nyuma ya kamba zilisimama hoho nne za kufika magotini, majani mapana ya kijani kilichokolea, moja ina maua meupe mawili.

Zilisimama kandokando ya mfereji. Jirani kabisa na lile povu.

Aliurudisha mguu ndani.

"Mama Melkiadi. Zile ni za nani?"

"Zangu. Ni tuta lile lile."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliambiwa nionyeshe zilizoharibika. Zile hazijaharibika." Mama aliinua kidevu. "Amezibakiza ili nisimshuku. Anajua kujificha huyo."

Remigius alimtazama. Katika kazi yake alishawahi kukutana na watuhumiwa wenye akili, lakini hajawahi kumwona mwenye kuipa sumu maelekezo imwue aliye mbali na kumnenepesha jirani.

"Amna," alisema, "usifungashe kwanza."

"Nimeambiwa saa kumi. Shuka hazijui kama umebadili mawazo."

Alistahili jibu hilo, akalipokea. Akatoa futi yake ya chuma mfukoni, akavua koti, na kwa mara ya kwanza siku ile akapiga magoti. Alianzia mlango wa jiko. Jozi ya kwanza: sentimita tisa. Ya pili: kumi. Ya tano: kumi na saba. Ya saba: ishirini na nane. Ya tisa, ile ya mwisho mferejini: arobaini na sita, na maua. Dominiko alikuja kusimama nyuma yake, kofia mkononi.

"Zinapanda kama ngazi," alisema balozi.

"Na ngazi inaanzia jikoni. Balozi, ungekuwa sumu ya Amna ungeanza kuua wapi?"

Dominiko alifikiri. "Pale karibu naye."

"Huyu kaanzia mlango wa jiko, akachoka kabla ya kufika karoni. Mtu wa namna gani huyo?"

Balozi hakujua. Remigius naye hakujua, lakini sasa alikuwa hajui kwa njia inayofaa.

Alichimba kidogo kwa kisu kando ya mche wa kwanza, akautoa na mizizi yake, akakung'uta udongo wa kijivu aliodhani ni samadi kavu, akaisuuza kwenye kopo. Alikuwa akitafuta vinundu vile ambavyo minyoo ya udongo huacha. Mizizi ilikuwa mifupi lakini safi. Akageuza majani, akatafuta wadudu kwa miwani ya kusomea. Hakuna hata mmoja. Jua? Tuta lote lilipata jua sawa, na kama ni kivuli basi kilichokuwa na kivuli ni kile kilichonenepa chini ya shuka. Maji? Mama alimwagilia kwa kopo moja kila mche, na Remigius alikuwa ameyaonja maji hayo kwenye chai.

Kilichobaki kilikuwa mbegu. Na mbegu ilijibiwa na ndoo.

Ilikuwa ndoo ya rangi iliyopasuka mdomo, mlangoni kwa Amna, na ndani yake palisimama hoho moja ya kufika kiunoni kwa mtoto, imebeba matunda matatu yanayong'aa.

"Hii je?"

"Mche wa kumi na tisa," alisema Amna. Alikuwa akifunga vyombo kwenye kanga. "Siku mama anapanda ulikuwa umevunjika kichwa, akautupa. Nikauokota."

"Udongo?"

"Wa shimo la choo kipya, walipochimba. Nikachanganya na samadi ya mbuzi wale wale."

"Unaumwagilia nini?"

Kidogo kidogo kona moja ya mdomo wa Amna ilipanda. "Maji ya kusuuzia, Afande. Yale yenye sabuni. Andika."

Aliandika. Akayakata yale maneno mawili ya asubuhi kwa mistari mingi kuliko iliyohitajika.

Saa sita na nusu alikuwa kwenye duka la pembejeo la Wilbert, karibu na stendi. Wilbert, mtu wa makamo mwenye fulana ya kampuni ya mbegu, alimwona akiingia na mche mkononi na mavumbi magotini.

"Shikamoo Afande. Umeanza kulima uzeeni?"

"Marahaba. Nimeanza kulimwa. Miche ya hoho ya Mama Melkiadi ulimpa wewe?"

"Mimi. Ilitoka trei moja na ya watu wa vijiji vya Sigino na Bonga, na wa Sigino wameshaanza kuchuma."

"Na dawa? Kiuagugu? Mbolea ya chumvichumvi? Kuna kitu ulimpa akakizidisha?"

Wilbert alicheka mpaka akashika mizani. "Mama Melkiadi? Afande, yule mama haingii hapa kununua hata uzi wa kufungia. Alichukua miche tu, akaniambia duka langu ni la wavivu. Mbolea yake anaijua mwenyewe, ya kwao."

Remigius aliliacha neno hilo lipite. Baadaye alisema ndilo lingemwokolea saa mbili, kama angelikamata shati.

"Basi niambie huu mche unaumwa nini."

Wilbert aliuchukua, akaupeleka mwangani. "Angalia. Majani ya chini ni ya kijani, ya juu machanga ndiyo ya njano. Ingekuwa njaa ya samadi, ya chini ndiyo yangetangulia kuwa ya njano. Na angalia mishipa: jani la njano, mishipa ya kijani, kama wavu. Huyu chakula kimo sahanini, ila mdomo umefungwa."

"Nani kaufunga?"

"Udongo. Ukizidi ukali ule wa magadi, mizizi inashindwa kunyonya madini ya chuma. Hapa mjini udongo wetu wenyewe tayari umeegemea huko, na maji ya bomba yanaongeza. Ukiongeza kingine juu yake, mmea unakaa tu kama mgeni asiyekaribishwa."

"Nitajuaje bila maabara?"

"Una siki?"

"Sina."

"Mgahawa wa hapo jirani wanayo, ya kachumbari. Mwagia udongo mkavu. Ukinyamaza, sawa. Ukichemka, una jibu lako."

Saa tisa na robo uwanja wa Mama Melkiadi ulikuwa na watu kuliko asubuhi. Majirani wawili wamekuja kuazima ungo ambao hawakuuhitaji. Dominiko alikuwa amekuja mapema kwa ajili ya funguo. Godoro la Amna lilikuwa limeegemezwa ukutani, kanga ya vyombo juu yake.

Remigius alipanga sahani tatu za bati juu ya kigoda kile kile alichokalia asubuhi. Kwenye ya kwanza, udongo wa mlango wa jiko. Ya pili, udongo wa mferejini. Ya tatu, udongo wa ndoo ya Amna. Wote ameukausha juani kwa nusu saa. Akatoa chupa ya soda yenye siki.

"Sogeeni. Balozi, wewe ndiye shahidi, soma sauti."

"Sauti ya nani?"

"Ya udongo."

Alimimina kwenye udongo wa ndoo ya Amna. Kimya. Udongo ulikunywa, basi. Akamimina kwenye wa mferejini. Kukatoka vipovu vichache, vikafa. Akamimina kwenye wa jikoni.

Sahani ilichemka. Iliunguruma kama mafuta yanayopokea kitunguu, povu jeupe likapanda mpaka ukingoni, na jirani mmoja akarudi nyuma hatua nzima na ungo wake.

"Nimesikia," alisema Dominiko.

"Hiyo ndiyo sumu!" Mama Melkiadi alinyoosha mwiko kuelekea godoro. "Povu! Povu la sabuni!"

"Mama, udongo unaomwagiwa sabuni umenyamaza. Uliopiga kelele ni wa mlangoni kwako." Remigius alivuta ndoo tupu ya kufulia, akaipindua, akaikalia mbele yake. Sauti aliishusha, kama alivyokuwa akifanya zamani kwenye chumba kile chenye meza moja. "Nisamehe mama, asubuhi nilikuuliza swali baya. Nilikuuliza kuna kitu gani kigeni. Sasa nakuuliza vilivyo vya nyumbani. Nieleze asubuhi yako, tangu unaamka. Usiruke hata kope."

"Asubuhi yangu ina nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nauliza."

Mama alishusha pumzi. "Naamka saa kumi na moja. Nasali. Nafungulia kuku. Naingia jikoni. Tangu Juni nawapikia mafundi wa lile jengo linalojengwa hapo jirani makande na chai, kwa hiyo mafiga hayapoi. Nazoa majivu, nawasha moto, nateleka sufuria..."

"Rudi nyuma kidogo. Majivu ni mengi?"

"Karai."

"Karai moja kwa wiki?"

"Kwa siku! Mafundi kumi na wanne unawapikia kwa njiti za kiberiti?"

"Na karai hilo la majivu unalipeleka wapi?"

Mama Melkiadi alimtazama kama mtu aliyeulizwa chumvi huwekwa wapi. "Kwenye hoho. Wapi tena? Nafunua nyasi, nawekea kila mche wake shinani, nafukia, narudishia nyasi."

Kuku alipita. Hakuna mtu aliyemfukuza.

"Unaanzia mche gani?"

"Hapa mlangoni."

"Na karai linaishia wapi?"

Mwiko uliinuka wenyewe, ukaenda taratibu juu ya tuta, jozi ya kwanza, ya tatu, ya tano. Kwenye ya saba ukasita. Ulipofika juu ya zile hoho nne za magotini, mama aliushusha.

"Zile huwa hazifikiwi," alisema.

Dominiko alivaa kofia yake, kisha akaivua tena. Majirani walitazamana, mmoja akaanza kicheko akakikwamisha kooni, na Amna, ambaye alikuwa amesimama wima muda wote huo na mikono nyuma, aliketi juu ya godoro lake taratibu kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Siku themanini hivi," alisema Remigius, "karai kwa siku. Mama, hoho zako hazikuwekewa sumu. Zimepewa dawa mpaka zikashindwa kufungua mdomo."

"Wewe uliniuliza nani anaweka sumu! Hukuniuliza nani anaweka dawa!"

"Ndiyo. Kosa hilo ni langu, na nalisema mbele ya watu." Akasimama, akamgeukia Amna, akatoa daftari. Akaichana ile karatasi ya asubuhi, vipande vinne, akaviweka kwenye sahani iliyochemka. "Dada yangu, nilikuhukumu nikiwa na kiazi mdomoni. Nisamehe. Maji yako hayapandi mlima."

"Nilikwambia," alisema Amna.

"Uliniambia."

"Saa mbili na nusu."

"Nilikuwa na saa mkononi, naikumbuka." Watu wakacheka sasa kwa uwazi, na Remigius akacheka nao, kwa sauti kubwa kuliko wote. "Balozi, andika: funguo hazipokelewi."

"Funguo hazipokelewi," alisema Dominiko, na kwa mtu wa maneno machache aliyasema hayo mawili kwa raha ya ajabu. Jirani mwenye ungo akapiga kigelegele. Mwingine akanyakua kanga ya vyombo, akaikimbiza chumbani bila kuuliza, na Amna akafuata na upande mmoja wa godoro.

Remigius alikuwa ameshakunja mikono ya shati. Ataondoa nyasi, ataukwangua udongo wa juu kiganja kizima jozi sita za kwanza, ataujaza ule wa shimoni na samadi iliyooza, na karai litafute shimo la taka. Baada ya wiki tatu tutaona majani mapya yanasema nini. Alieleza yote hayo huku akionyesha kwa jembe, na angeendelea kama mwenye tuta asingemsimamia mbele.

Kwa maana Mama Melkiadi hakuwa amekwisha. Mama wa Kainam hashindwi kwa siki.

"Sikiliza nikwambie, Afande. Majivu haya haya mama yangu aliyaweka. Bibi yangu aliyaweka. Kule kwetu kabichi zinakuwa kama ngoma ya kanisani!"

"Kule kwenu juu udongo ni mchachu, mama, na mvua inausafisha kila mara. Majivu yanaupoza. Huku chini ni mkali tangu zamani. Unampa moto aliye na homa."

"Udongo ni udongo!"

"Umesikia sahani ilivyolia."

"Sahani haijawahi kulima! Mimi nimelima miaka sitini. Majivu hayana kosa, mbegu hazina kosa, mimi sina kosa. Kainam hoho hizi hizi, na majivu haya haya, zingekuwa zimenifika kifuani!"

Remigius aliinua ile chupa ya soda, akaitikisa. Hakuwa na siki ya kumwagia hilo.

Amna alikuwa amefika mlangoni mwa chumba chake, godoro nusu ndani nusu nje. Aligeuza kichwa.

"Basi mama," alisema, "hoho ndizo zifungashe zihamie Kainam. Mimi nabaki."